Porojo za magari katika uwanja wa farasi

Kuna Jumapili moja kila mwaka ambapo farasi wa Nairobi hupewa likizo na magari yakashika zamu yao. Kwa kawaida huwa mwishoni mwa Septemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijapiga hodi, na mahali penyewe ni uwanja wa mbio za farasi ulio kando ya Barabara ya Ngong. Mashindano hayo ya umaridadi wa magari na pikipiki huitwa Concours d'Elegance. Utingo wa matatu nambari 111 hana haja ya kuuvunja ulimi wake kwa Kifaransa hicho. Yeye atakuuliza tu, "Unashuka kwa farasi?" nawe ukiitikia, umefika.

Safari yenyewe si ndefu, mpenzi msomaji. Ukitoka katikati ya jiji utapita Adams Arcade, Dagoretti Corner na duka kubwa la Junction, kisha majengo yataanza kupungua na miti ya Msitu wa Ngong kujitokeza. Siku hiyo hata mgeni hapotei. Ukiona msafara wa magari yanayong'aa kuliko viatu vya bwana harusi, yakienda polepole kwa kuogopa vumbi, yafuate tu.

Wengi wetu hupita Racecourse Road huko karibu na Kariokor bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi, maana pale hakuna farasi hata wa dawa. Jibu ni kwamba zamani mbio za farasi zilikuwa pande hizo. Zilihamishiwa Barabara ya Ngong mwaka wa 1954, jina likaachwa nyuma kama ngozi ya nyoka. Mashindano ya magari nayo yalianza mwaka wa 1970, na waandaaji wake ni chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, kabila dogo la watu wanaopenda magari ya Kitaliano kwa mapenzi yasiyosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Ukishalipa kiingilio utajikuta kwenye nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya jukwaa. Magari yamepangwa kwa safu kulingana na madaraja. Kuna ya kale yenye taa kama macho ya bundi, kuna ya miaka ya 60 na 70, kuna ya kazi, kuna pikipiki. Majaji hutembea na karatasi zao, na hapo ndipo utajua kwamba umaridadi si rangi peke yake. Huinama wakachungulia chini ya gari. Hufungua boneti wakaitazama injini, wakafungua buti, wakapitisha macho kwenye viti na dari. Linalotafutwa si gari la bei ghali. Linalotafutwa ni usafi, hali nzuri, na gari kubaki jinsi lilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana pikapu iliyobeba viazi kwa miaka ishirini inaweza kulitoa jasho gari la bwanyenye, mradi mwenyewe awe ameisugua hadi ndani ya mikunjo.

Mwandishi wa makala haya alimwona bwana mmoja wa makamo, suti safi, tai imenyooka, amelala chali chini ya gari lake akipiga mswaki sehemu ambayo hata fundi wake hajawahi kuiona. Alitumia mswaki wa meno, si mzaha! Mkewe alikuwa kando, amekalia kiti cha kukunja, akimpitishia vitambaa kama muuguzi anavyompa daktari visu.

Hayo ni mazuri kutazama, na watoto watayafurahia. Lakini ukikaa hapo tu utakuwa umeona bila kusikia. Wenye magari ya mashindano hawana muda wa maneno, kila mmoja anachunga rangi yake isiguswe na vidole vya wanao. Porojo zenyewe, zile hasa za kukufanya usahau chakula, ziko nyuma, kwenye maegesho. Huko ndiko walikoacha magari yao watu kama mimi na wewe, na hakuna hata mmoja aliyeliacha lake akaenda moja kwa moja langoni. Lazima kwanza aegemee mlango, atazame la jirani, kisha aulize swali ambalo limewafanya watu wengi kuwa marafiki katika jiji hili: "Hilo linakula mafuta kiasi gani?"

Katika maegesho hayo nambari ya gari ni kama umri wa mtu. Mwenye KAA anaheshimiwa kama mzee wa baraza, kwa kuwa mfululizo huo ulianza mwaka wa 1989. Mwenye KBA, ulioanza 2007, ni mtu mzima mwenye majukumu. Wa KDA, uliotokea mwaka wa 2020, huyo bado ananukia plastiki na deni la benki. Na akitokea mwenye nambari za kabla ya 1989, zile za herufi tatu na tarakimu bila herufi nyingine nyuma, barobaro hunyamaza kidogo wakampisha.

Kundi la kwanza nililolikuta lilikuwa la vijana watano na Subaru tatu. Wenye Subaru hutembea kwa makundi kama kanga. Mmoja alikuwa amefungua boneti akiwaeleza wenzake, na kwa kuwa sauti yake haikuwa ya siri, nami nikasogea. Alieleza kwamba katika magari mengi pistoni hupanda na kushuka, lakini katika Subaru zimelala ubavu, nusu upande huu na nusu ule, zikirushiana ngumi kama mabondia. Ndiyo maana injini hukaa chini, gari likashika barabara kwenye kona. Kuhusu ule mngurumo wa kukatikakatika unaowaamsha majirani usiku wa manane, alisema unatokana na mabomba ya moshi kutokuwa na urefu sawa.

"Na oili je?" akauliza mama mmoja aliyekuwa amesimama kando na mtoto mgongoni. "Si huwa inakunywa oili kama mbuzi aliyetoka malishoni?"

Vijana wakacheka, ila si wote. Mama huyo alikuwa na Vitz ya injini ya lita moja, rangi ya samawati, na hakuona haya kuitaja mbele ya wakuu. Alisema humpeleka kazini Kitengela na kumrudisha siku tano kwa juma, na Jumamosi hubeba magunia mawili ya vitunguu. Kijana wa boneti akajaribu kumweleza habari za magurudumu yote manne kuvuta kwa pamoja. Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mimi kwetu hakuna matope. Kuna karo."

Subaru haikupata umaarufu wake kwa bahati. Mwaka wa 1993 dereva wetu Patrick Njiru aliimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, kigari ambacho ungedhani ni cha kupelekea watoto shuleni. Kisha Subaru Impreza ikashinda mbio hizo mwaka wa 1997 kupitia kwa Colin McRae na 2000 kupitia kwa Richard Burns. Mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati huo, akibebwa mabegani na babake kando ya barabara huku vumbi likimwingia puani, ndiye leo mwenye mshahara na Impreza ya mtumba. Mbio zilipoondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, mapenzi hayakuondoka nazo. Ziliporejea mwaka wa 2021 huko Naivasha, barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa ilijaa hadi ungedhani Nairobi inahama.

Mjadala wa modeli mpya nao una vichekesho vyake. Sharti ujue kwamba neno "mpya" jijini Nairobi lina maana yake. Sheria zetu haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kwa hivyo gari ambalo Mjapani amelichoka ndilo sisi tunaliita modeli mpya, tukalipiga picha na kulitilia utepe. Kila mwaka mpya unapoingia, mwaka mmoja wa magari hufungiwa mlango, na ndiyo sababu waagizaji hukimbizana Desemba ili meli zifike Mombasa kabla ya kalenda kugeuka.

Na kwa nini Mjapani alichoke gari ambalo bado linapiga? Mwanafunzi mmoja wa uhandisi, mwembamba, asiye na gari wala dalili za kulipata, ndiye aliyewaeleza wazee hayo. Huko kwao gari jipya hupelekwa kukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo una gharama. Mwenye gari hupiga hesabu akaona heri alipeleke mnadani. Kijana huyo anajua kusoma karatasi za mnada kama shehe anavyosoma msahafu. Alisema gari la alama nne au nne na nusu ni zuri, lakini ukiona herufi R, ujue liligongwa likatengenezwa. "Muuzaji akikwambia karatasi imepotea," alisema, "nawe mwambie pesa zimepotea."

Wazee walipenda neno hilo. Mmoja alitoa kalamu akaandika kwenye pakiti ya sigara.

Kuhusu magari ya umeme, maegesho yaligawanyika kama bunge. Wapo waliosema BYD ya Uchina na wenzake watayafagia yote, kwamba gari lisilo na oili, plagi wala kabureta ni rehema. Isitoshe, sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini huko Olkaria, hatua chache kutoka kule magari ya mbio yanakotimua vumbi, basi kwa nini tuwe tunanunua mafuta ya Waarabu? Wapo waliouliza utalichajia wapi ukiishi ghorofa ya tano Pipeline. Fundi mmoja aliyekuwa ametulia muda wote, mikono imeingia weusi usiotoka hata kwa sabuni ya jiwe, alisema jambo moja tu: "Likifa, mimi nitashika wapi?" Nadhani hakuwa akiuliza habari za gari.

Nilimjongelea baadaye. Ana kibanda karibu na Kirinyaga Road, ile ambayo wakazi wa jiji hili wamekataa katakata kuiita hivyo, wakashikilia Grogan. Jina hilo ni la mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alifunga safari ya kukata Afrika kutoka Cape hadi Cairo. Serikali huru ilimfuta kwenye kibao cha barabara, mafundi wakamhifadhi kwenye ulimi. Ukiwa na gari Nairobi, siku moja utafika Grogan upende usipende. Huko utaulizwa unataka spea ya kampuni, ya eksi-Japani au "ile nyingine". Ile nyingine ni ya kuigiza, na hapo fundi aliacha kucheka. Kioo cha taa cha kuigiza, alisema, kitakutia aibu tu. Breki za kuigiza zitakuzika. Yeye mteja akimletea breki asizoziamini humrudishia na funguo zake, akatafute fundi mwingine. Amepoteza wateja kwa sababu hiyo, na hakuonekana kujuta.

Ni fundi huyo aliyenivuta mkono. "Njoo nikuonyeshe kitu," akasema, akaniongoza hadi chini ya mti pembeni, mbali na wenye mingurumo.

Hapo lilikuwa limeegeshwa Peugeot 504, lile refu la familia lenye safu tatu za viti, keria juu ya paa, rangi iliyokuwa nyeupe zamani. Nambari zake ni zile za wazee. Kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi, alikaa mzee wa miaka themanini na ushei, kofia ya sufi kichwani na fimbo kati ya magoti. Wote waliopita walimwita Mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Murang'a hadi alipostaafu. Alikuwa amekuja na mwanawe mwenye biashara ya kusambaza maziwa, na mjukuu wake, msichana aliyekuwa ametoka kuanza chuo kikuu mwezi huo huo.

Hawakuja kushindana, msomaji. Walikuja kuuza.

Mwalimu alilinunua gari hilo likiwa jipya mwaka wa 1978. Wenye umri watakumbuka. Katikati ya mwaka wa 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda duniani hadi 1977 mkulima wa Murang'a mwenye vishina mia chache akalipwa pesa ambazo babake hakupata kuziota. Wengine walijenga nyumba za mawe. Wengine walioa mara ya pili. Mwalimu alienda Nairobi kwa basi akarudi na Peugeot. Mwaka huo huo Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari kwa 504, kama Ove Andersson alivyofanya mwaka wa 1975, na kabla ya hapo 404 ilikuwa imeshinda mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Kununua Peugeot wakati huo hakukuhitaji maelezo. Mwaka wa 1963 yalimaliza mbio magari saba peke yake, na lililoongoza lilikuwa Peugeot. Mtu angetaka ushahidi gani mwingine?

"Watu husema lilikuwa gari langu," Mwalimu aliniambia. "Lilikuwa langu siku ya kulinunua tu."

Kwenye mlima mzima kwao hapakuwa na gari jingine. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, waliokuja kubisha hawakwenda kwa daktari, walikwenda kwa Mwalimu. Watoto watatu walizaliwa ndani ya gari hilo kabla ya kufika hospitali, na mmoja wao sasa ni chifu. Lilibeba mahindi, maharusi, mitihani ya darasa la saba na wachezaji wa mpira kumi na wanne kwa wakati mmoja, viatu mkononi. Mwaka wa 2003 lilimbeba mkewe kutoka chumba cha maiti, jeneza juu ya ile keria, Mwalimu mwenyewe kwenye usukani kwa kuwa alikataa mtu mwingine amwendeshe.

Mwanawe hakuwa na ubaya. Hili nataka lieleweke, maana ni rahisi kumwona mtoto anayetaka kuuza gari la babake kama mtu asiye na moyo. Alikuwa na daftari dogo la hesabu mfukoni. Karo ya muhula wa pili ya binti yake, kodi ya chumba karibu na chuo, bima, na dawa za presha za Mwalimu. Gari lilikuwa limekaa bandani miaka minne likitolewa Krismasi tu, na kuku walikuwa wamegundua kiti cha nyuma. Muuza vyuma chakavu alikuwa ametaja bei ya kilo. "Baba, mimi sitaki lipimwe kwa kilo," alisema. "Ndiyo maana nimelileta kwa watu wanaolijua."

Na waliolijua walikuwapo. Bwana mmoja aliyekuwa na gari lake kwenye nyasi za majaji alikuja akiwa amevua koti. Ni mtu wa heshima, alimwamkia Mwalimu kwa mikono miwili. Alilizunguka gari mara tatu. Aligonga milango kwa kiungo cha kidole akasikiliza, akalala chini akaitazama chasisi, akaomba boneti ifunguliwe. Aliufurahia usukani wenye gia pembeni yake, na injini ile iliyolala kwa mshazari kama mlevi aliyeegemea ukuta, akasema yote ni ya asili, hata vifuniko vya magurudumu. Kisha akaomba kuisikia.

Gari likakataa kuwaka. Mwalimu akapiga swichi mara ya pili, mara ya tatu. Betri ilikuwa imechoka. Nilimwona mwanawe akikunja uso kama mtu anayetazama pesa zikiyeyuka. Wale vijana wa Subaru ndio waliookoa siku. Walikuja mbio wote watano, wakaweka mabega nyuma, wakasukuma kwenye nyasi huku mmoja akipiga mluzi. Mwalimu aliachia klachi kama mtu aliyefanya hivyo jana, gari likapiga chafya, likatoa moshi wa kufukuza mbu wa Karen nzima, likashika. Kijana yule wa boneti alisimama akahema, akasikiliza. "Wazee walikuwa na vyombo," alisema, na kwa dakika nzima hakutaja turbo.

Mnunuzi alisikiliza pia. Alisema vali mbili zinahitaji kazi na pampu ya maji inalia. Fundi wa Grogan akakubali kuhusu vali, akabisha kuhusu pampu. Alisema ni beringi ya dainamo. Wakabishana hapo kwa raha kubwa, kila mmoja sikio lake ndani ya injini, hadi ikabidi mjukuu awakumbushe kwamba kuna bei ya kuzungumzwa.

Bwana yule alitaja shilingi laki tatu na nusu. Mwana wa Mwalimu akataja tano, kwa sauti ya mtu anayejua hatazipata. Wakasogeleana hadi nne. Ni pesa nzuri kwa gari lililokuwa limepandwa na kuku, na nilipomtazama mwenye daftari niliona amekwisha kuanza kugawa.

Mwalimu akauliza atalifanyia nini.

Bwana akaeleza, macho yakimng'aa. Litavuliwa rangi hadi bati, lipakwe upya ile nyeupe ya kiwandani. Viti vitashonwa upya. Ile keria itatolewa kwa sababu si ya kampuni, iliongezwa baadaye, na majaji wangeikatia alama. Baada ya miaka miwili litakuwa pale mbele, kwenye nyasi.

"Keria itatolewa," Mwalimu akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini nitaihifadhi."

Kimya kikaingia. Kwa mbali spika zilikuwa zikitangaza washindi wa pikipiki. Mjukuu, ambaye karo yake ndiyo iliyokuwa mezani, alimshika babu yake kiganja akamwambia, "Guka, mimi nimeomba mkopo wa HELB. Si lazima iwe leo." Babake akamkata jicho. Akamweleza, bila hasira, kwamba mkopo ni deni, na kwamba yeye mwenyewe alisomeshwa kwa kahawa hadi kahawa ilipokufa, sasa asomeshe kwa nini? Kwa maziwa? Swali hilo nalo hakuna aliyelijibu. Ukweli ni kwamba wote watatu walikuwa na haki, na haki tatu haziwezi kukaa kwenye kiti kimoja.

Mwishowe Mwalimu alizungumza kama mtu anayefunga mkutano wa wazazi. Gari halitauzwa chini ya mti, mbali na nyumbani, kama mbuzi wa wizi. Bwana aje Murang'a Jumamosi na fundi wake, anywe chai, aione banda lilikolala, azungumze mbele ya ndugu. Kitabu cha gari kipo kwenye sanduku. Kuhusu keria, watazungumza siku hiyo. Bwana akatoa kadi yake akampa mwana. Akatoa na ya pili akampa mjukuu, jambo lililonionyesha kwamba alikuwa mtu wa kuelewa mambo.

Kama utataka kwenda mwaka ujao, msomaji, wahi asubuhi. Kufikia saa tano foleni huwa imefika Dagoretti Corner. Beba kofia kwa ajili ya watoto maana kivuli ni kichache, na usisahau maji. Waonye mapema kwamba magari ya kwenye nyasi hayaguswi, ila yale ya maegesho wenyewe watawapandisha wakiombwa vizuri. Nenda na mzee wa kwenu ikiwezekana. Mtafutie kiti, mwonyeshe gari lolote la kabla ya 1980, kisha unyamaze.

Kuondoka ndiko kazi. Magari yote hutaka kutoka kwa wakati mmoja, na barabara ni ile ile. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimesimama kando ya lango nikingoja matatu, nikaliona lile Peugeot likija kwenye foleni, Subaru tatu mbele yake na Vitz ya samawati nyuma. Mwana alikuwa kwenye usukani sasa, Mwalimu kando yake, mjukuu nyuma peke yake katika safu mbili za viti. Taa ya kuonyesha kona ilikuwa imekufa siku nyingi. Basi Mwalimu alishusha kioo, akatoa mkono wake mrefu mwembamba nje, akaunyoosha barabarani kama walivyofundishwa enzi zile, na basi la abiria lililokuwa likija kwa fujo likapunguza mwendo, likawapisha wakaingia.